Alizeti Katika Tangi la Dizeli

Simu ya Eunike ilinikuta nimesimama katikati ya makabati. Masjala yetu pale Mtumba, Dodoma, ina dirisha kubwa linalotazama ofisi nyingine zilizofanana nayo, na mimi hupenda kufanya kazi nikiwa nimeligeuzia mgongo. Eunike alinisalimia, "Shikamoo dada," akavuta pumzi, akasema mzee amewatoka alfajiri ile. Nikamuuliza mzee gani, kana kwamba kule Kibakwe nilikoanzia kazi nina wazee kumi. "Baba," alisema. "Fundi Zakayo." Nilimpa pole, nikaahidi nitakuja, nikakata simu, kisha nikaanza kupanga mafaili yaliyokuwa yamekwisha kupangwa tangu Ijumaa. Kijana tunayefanya naye kazi aliniuliza kama ni ndugu yangu aliyefariki. Nilimjibu vibaya, nikamwambia ashughulike na barua zake. Baadaye nilimwomba radhi, lakini mikono yangu ilikuwa bado inahangaika na hayo mafaili, nayatoa, nayarudisha.

Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya maneno kama nilivyojificha miaka thelathini: mimi ndiye niliyemvunja mkono Fundi Zakayo. Sikumpiga wala sikumsukuma. Nilitia mafuta ya alizeti katika tangi la kitrekta cha bustani, ikaja baridi, na asubuhi injini ikamrudishia hendeli. Nikasema uongo wa maneno matatu, nikasifiwa, nikaandikiwa barua nzuri, na barua hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa chuo na baadaye wa kazi hii ninayoilalamikia kila Jumatatu. Kila mwaka nilijiambia nitapanda gari niende nikamwambie. Mwaka mmoja nilifika hadi Mpwapwa kikazi, nikalala pale siku mbili, nikarudi Dodoma. Mwaka mwingine nilimtumia redio. Sasa mwenyewe ameondoka, na aliyebaki wa kuambiwa ni mkewe, Mama Eunike. Njia nzima ya kwenda msibani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, na kila gari lilipopinda kona ya mlima niliyabadilisha.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na cheti cha kidato cha nne, na sikutaka kuwa mahali popote nilipokuwa. Nilipewa kazi ya kutunza stoo ya bustani ya misheni, iliyokuwa inalisha bweni la wasichana na wagonjwa wa zahanati. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa stoo hiyo: kitanda cha kamba, meza moja yenye mguu mfupi, na harufu ya vitunguu na dizeli iliyoingia mpaka kwenye mkate. Upande wa pili wa ukuta aliishi Fundi Zakayo na mkewe na mtoto wao Eunike, aliyekuwa ndio kwanza anatembea. Ukuta wenyewe haukufika darini. Waliojenga sijui waliishiwa tofali au subira, kwa hiyo kila lililosemwa kwa Zakayo lilidondoka kwangu. Nilijua siku Mama Eunike alipokuwa na maumivu ya mgongo, nilijua Zakayo hapendi mlenda uliozidi magadi, na nilijua walivyonisema. "Mtoto yule ana haraka," nilimsikia Zakayo akisema mara moja. Mkewe akamjibu ni umri. "Si umri," akasema. "Hata akila anaangalia barabara." Nililala nimekasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Anayeijua Dodoma kwa jua na vumbi haamini baridi ya Kibakwe. Mwezi wa sita kipupwe kinashuka kutoka milimani pamoja na ukungu wake, maji ya bomba yanauma meno, na kuku hawatoki bandani mpaka jua lipande. Watu nao hupungua maneno. Fundi Zakayo, ambaye hata wakati wa joto hakuwa msemaji, wakati wa kipupwe aliongea na kitrekta tu. Kilikuwa kitrekta kidogo cha magurudumu mawili, unachokiendesha ukitembea nyuma yake umeshika mikono yake miwili mirefu kama ya toroli, na mbele kina injini ya dizeli ya silinda moja. Hakikuwa na ufunguo wala betri. Kiliwashwa kwa kuzungusha hendeli, chuma kilichopinda unachokichomeka ubavuni mwa injini na kukizungusha kwa nguvu zako zote. Watu walikiita Punda, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya ukaidi.

Dawa ya ukaidi huo aliijua Zakayo peke yake. Asubuhi na mapema Mama Eunike alichemsha sufuria mbili, moja ya chai na moja ya Punda. Maji ya Punda yalimiminwa kwenye tangi la kupozea injini, ili chuma kipate joto kutoka ndani. Chini ya tumbo la injini liliwekwa karai la makaa yaliyokwisha kutulia, yasiyo na mwali, ili oili iliyoganda ilegee, na juu likafunikwa gunia. Sisi tulikaa jikoni tunakunywa chai na viazi vitamu wakati mashine ikifukizwa nje kama mgonjwa wa homa. Kisha Zakayo alivua koti lake, akaliweka juu ya jiwe lilelile kila siku, akaondoa gunia na karai, akatia kifuniko kimoja cha oili kwenye mdomo wa kuvutia hewa, na kushika hendeli. Kuna kidude juu ya injini, ukikibonyeza inaachia pumzi na kuzunguka kirahisi. Alikibonyeza kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia, polepole, haraka, haraka zaidi, halafu akakiachia ghafla. Punda alikohoa, akatema moshi, akaanza kazi. Mimi nilisimama pale kila asubuhi nikiumwa na hamu. Bustani nzima, pamoja na vitunguu vyake na karoti zake na kengele yake ya saa sita, ilikuwa na kitu kimoja tu chenye mwendo, na nilikitaka.

"Fundi, nipe nijaribu leo," nilimwambia si mara moja.

"Hendeli si mwiko wa ugali, binti."

"Nimekuona mara mia."

"Basi umeona nini?" aliuliza, kisha akanionyesha mkono wake. Vidole vyote vitano vilikuwa upande mmoja wa chuma, dole gumba limelala pamoja na wenzake badala ya kuzunguka upande wa pili. "Chuma hiki kikiamua kurudi, kitakupokonya. Dole gumba likiwa limekumbatia, linakwenda nacho. Wewe huna subira, utakumbatia." Nilimwona mchoyo. Nilidhani anaogopa binti akijua, yeye atabaki na nini.

Sasa nieleze kosa lenyewe, na nilieleze bila kulipamba. Dizeli ililetwa kwa pipa kutoka Mpwapwa na lori lililokuja kuchukua vitunguu, na kazi yangu, labda kazi yangu pekee iliyohitaji akili, ilikuwa kumwambia dereva mapema pipa linapokaribia kuisha. Wiki ile nilikuwa nimeandika barua ya kuomba nafasi chuoni Dodoma. Nilikaa nayo siku tatu nikiinakili upya kila nilipoona mwandiko umeinama. Lori lilipopita nilimkimbilia dereva, nikampa barua yangu, nikamsihi asiipoteze, nikampungia mkono mpaka akapotea kwenye kona. Habari ya dizeli haikunijia kichwani hata chembe. Niliikumbuka Jumatano mchana nilipoingiza mpira kwenye pipa na kuvuta, nikapata lita moja na hewa.

Na wiki ile haikuwa wiki ya kukosea. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, kila shamba siku moja katika siku nane, na mgawa maji alikuwa Mzee Kihwele, Mhehe mwenye sauti kubwa aliyetembea na jembe begani ili afungue na kuziba. Zamu yetu ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Nusu eka ya chini ilikuwa bado haijalimwa, ngumu kama sakafu, na kitaluni kulikuwa na miche ya vitunguu iliyokuwa imezidi umri. Wanawake kumi na wawili wa kijijini, waliolima nasi, walikuwa wameipanda na kuimwagilia kwa ndoo, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake inayomngoja kwenye nusu eka hiyo. Shamba likikosa kulimwa maji yanapita kwenda kwa jirani, na miche ikingoja zamu nyingine ingekuwa chakula cha mbuzi. Kila mtu alilijua hilo. Zakayo alikuwa amekwisha kupiga hesabu: Jumatano alasiri mistari michache, Alhamisi yote iliyobaki.

Ningekwenda kwa Sista Konsolata, aliyekuwa msimamizi wa bustani, nikasema, "Sista, nimesahau." Angenigombeza kwa Kiswahili chake cha polepole, na mambo yangeisha. Lakini nilikuwa na hofu kwamba chuo wataomba neno kutoka kwake, na sikutaka neno hilo liwe "msahaulifu". Hapo ndipo nikamkumbuka dereva mmoja niliyemsikia akijigamba kwa mama ntilie, kwamba injini ya dizeli haichagui chakula, na kwamba huko bondeni waliishiwa njiani wakatia alizeti ya kukamua na gari likafika. Stoo yangu ilikuwa na madumu matatu ya alizeti ya jikoni kwa bweni. Na sisi wa mkoa huu alizeti ni jibu letu la kila swali: tunakaangia, tunajipaka miguu ikipasuka, tunalainishia bawaba za mlango. Zakayo alipokwenda kula nilimimina lita nne juu ya ile moja ya dizeli, nikatikisa mashine kidogo, nikafuta mdomo wa tangi kwa gauni langu. Alasiri, jua likiwaka, Punda aliwaka na kulima mistari minne bila hata kusita. Nilirudi chumbani nikajiona mhandisi. Ambalo dereva hakulisema, au alilisema nikiwa nimekwisha kuondoka, ni kwamba bondeni kuna joto.

Alhamisi ukungu ulikuwa umekaa juu ya bustani mpaka huoni uzio. Zakayo alifanya yote: maji ya moto, karai, gunia, oili kifuniko kimoja. Alizungusha, akaachia, ikatoka pumzi tu. Akazungusha tena. Moshi mweupe mwembamba ukatoka na kukata. Mzee Kihwele alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji, jembe begani, na kwa kuwa Wagogo na Wahehe ni watani, hakuweza kuacha nafasi kama ile ipite. "Mgogo!" alipaza sauti. "Mbembeleze huyo! Mkeo ulimpata kwa kubembeleza, unadhani mashine inataka nguvu?" Zakayo akamjibu bila kugeuka, "Nenda kachunge maji yako, Mhehe, yasije yakaibiwa kama ng'ombe wa babu zako." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika gunia kwa mikono miwili, na nilijua.

Hili ndilo linalonirudia mara kwa mara, hata sasa nikiwa nasubiri chai ichemke: nilikuwa na muda. Alizungusha mara nane au tisa, akipumzika kila baada ya mbili, na katika kila mapumziko nilifungua mdomo nikaufunga. Nilijiambia ya kumi itawaka. Mkono wake ulikuwa umechoka, mzunguko wake umekuwa mzito, na katika mzunguko huo mzito ndipo Punda alipoamua kuwaka kabla ya wakati wake. Hendeli ilirudi nyuma. Nilisikia mfupa. Zakayo hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye tuta taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto na kuutazama. Dole gumba lake lilikuwa zima, kwa sababu alilitenga kama alivyofundisha. Kilichovunjika kilikuwa kiwiko cha mkono, pale chuma kilipompiga kikirudi mara ya pili. Mzee Kihwele aliutupa utani wake na jembe lake pamoja, akaja mbio, akavua skafu yake na kumfunga. Sista Konsolata alifika akiwa bado na chaki mkononi. "Imekuwaje?" akauliza, akitutazama wote.

"Dizeli ina maji," nilisema.

Hayo ndiyo maneno matatu. Yalitoka yenyewe, laini, wala sauti haikutetemeka. Sista akatikisa kichwa na kusema mapipa haya siku hizi hayaaminiki. Mzee Kihwele akakohoa. Zakayo aliinua macho kutoka kwenye mkono wake, akanitazama kidogo, akayashusha tena. Wakampakia kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka vitunguu Mpwapwa, mkewe akapanda naye na mtoto mgongoni, na mimi nikabaki na mashine. Nilimwomba Sista lita tano za dizeli ya jenereta ya zahanati, akanipa bila swali. Nilitoa mafuta yote tangini, nikafungua chujio, nikakuta sira za alizeti zimelala humo kama uji wa jana. Nilisafisha kila kitu, nikatoa hewa kwenye bomba kama nilivyomwona Zakayo akifanya, na ile alizeti nikaimwaga chooni nikiwa natazama mlango. Nilifanya kazi mpaka jioni kwa bidii ambayo sikuwahi kuifanya kwa mtu yeyote, na bidii hiyo nayo ilinitia aibu.

Ijumaa wanawake kumi na wawili walikuja na majembe mabegani, kwa sababu hawakutegemea mashine. Nusu eka kwa jembe la mkono, ardhi ile, mpaka saa nne: wangelima robo, na robo hiyo wagawane vipi? Nilichemsha maji mwenyewe. Nikafukiza, nikatoa gunia, nikatia oili, nikapanga vidole vyangu upande mmoja. Mara ya kwanza nilikiachia kidude mapema mno. Mara ya pili nikachelewa. Mara ya tatu niliizungusha injini ile kwa hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe, nikaachia, na Punda akawaka. Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa padri nyumbani kwake. Nililima nusu eka yote nikitembea nyuma ya kitrekta, viatu vimejaa udongo, na saa nne Mzee Kihwele alipofungua maji yalikuta matuta yanayangoja. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi sana, mwili wangu wote ulikuwa unacheka, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachouma. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Jumapili Mama Eunike alirudi peke yake, mumewe akiwa bado hospitali na mkono umefungwa hogo la plasta. Wanawake walikuwa wamemchinjia kuku wa kumpa pole, na yeye akapakua. Nyumbani kwake firigisi ilikuwa ya Zakayo. Hata mgeni akija, firigisi ilikuwa yake. Siku hiyo aliichukua kwa kijiko akaiweka juu ya ugali wangu. "Kula," alisema. "Umetuokolea miche." Nikaitafuna. Nimekula vitu vingi vibaya maishani, mabweni yana vyakula vyao, lakini sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama ile firigisi, na niliimeza.

Zakayo alirudi baada ya wiki, na mkono wake ulipofunguliwa haukuweza tena kugeuka. Ulikunjika, ulibeba, lakini kuzungusha haukuweza. Nilipewa hendeli rasmi, na yeye akakaa kwenye kigoda kando ya injini, koti begani, akinielekeza. Alinifundisha vizuri, bila uchoyo wowote, na kila alichonifundisha kilinichoma. Alijaribu kulima kwa mkono wa kushoto. Niliona kutoka dirishani kwangu jinsi mkewe alivyolichukua lile jembe kutoka kwake bila neno na kuendelea yeye. Siku moja, tukingoja makaa yatulie, aliniuliza, "Yale maji kwenye dizeli, yalikuwa mengi?" Nikasema, "Kidogo, baba." Akarudia, "Kidogo." Akangoja. Nilikimbilia kwenda kuchukua gunia. Aliniuliza tena mwezi wa tisa, na tena mwezi wa kumi na moja, kwa maneno mengine, kama mtu anayerudi kugonga mlango anaojua kuna mtu ndani. Desemba barua ya chuo ilifika, ikiomba neno la msimamizi wangu. Sista Konsolata aliniandikia sifa zangu kwenye karatasi yenye mhuri: binti jasiri, mwaminifu, aliyeiokoa bustani siku ya shida. Neno "mwaminifu" alilipigia mstari. Nilipanda lori la vitunguu, na Zakayo akanipandishia sanduku kwa mkono wake wa kushoto.

Niliwasili msibani wakati wa maziko. Nilitupa udongo wangu kaburini, nikamwona Mama Eunike kwa mbali amezungukwa na wanawake, mdogo kuliko nilivyomweka akilini. Sikuweza kumfikia. Tuliporudi nyumbani na watu wakaanza kula, Mzee Kihwele alijitokeza. Ana miaka mingapi sasa sijui, anatembea kwa fimbo, lakini msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayekasirika ndiye anayeaibika, kwa hiyo watu walimwachia uwanja. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Akaegemeza fimbo yake kwenye toroli la mchanga, akainama, akaanza kuizungusha kama hendeli, akihema, akifuta jasho, hivyohivyo Zakayo alivyokuwa. Watu wakaanza kucheka. Kisha akasimama, akainua pua, akanusa upande huu, akanusa upande ule. "Mama Eunike!" akaita kwa sauti ya Zakayo. "Leo unakaanga maandazi? Mbona Punda ananuka maandazi?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Walicheka wazee, walicheka wanawake waliokuwa wanaosha sahani, hata Eunike alicheka huku anafuta machozi. Ilikuwa wazi si mara ya kwanza kuusikia utani huo. Wengine walikuwa wanausema pamoja naye. Mimi siku ile ya Alhamisi sikunusa kitu, nilikuwa na mafua au nilikuwa na hofu, sijui. Wao walinusa. Moshi wa alizeti unanuka kikaango, mtoto yeyote wa Dodoma angeutambua. "Mgogo huyu amekufa na siri yake," alisema Mzee Kihwele, akinielekezea fimbo, "na mpishi wetu huyo hapo, amekuja kula pilau." Watu waligeuka wakanitazama, wengine bado wanacheka, bila ubaya. Nilicheka nao kwa sababu ndiyo sheria. Miaka thelathini nilikuwa nimebeba siri ambayo Kibakwe yote ilikuwa nayo.

Nilimkuta Mama Eunike chumbani, kwenye mkeka, na wanawake watatu. Nikapiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Umemsikia Mhehe."

"Nimemsikia, mama. Kwa hiyo mzee alijua."

"Alijua palepale, kabla hajapanda gari. Alinieleza niliporudi hospitali, baada ya ile Jumapili."

"Mbona hakusema?"

"Aseme, Sista akufukuze?" Alinyoosha khanga yake magotini. "Mimi nilimwambia aseme. Sikufichi, Seche, nilikuwa na hasira nawe. Nilikuwa nalima peke yangu. Nilikupa firigisi nikiwa sijui, na nilipojua nilitamani nikutapishe. Yeye akasema, mwache, huyu atakuja aseme mwenyewe. Ulipoondoka akasema, atarudi. Ulipotuma ile redio aliifungua mpaka mahali pa betri, akaukung'uta na mfuko. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema, labda ameweka barua."

Yale maneno niliyoyapanga njia nzima, yenye mwanzo mzuri na sababu zake, sikuliona hata moja.

"Mama," nilisema, "nilisahau kuagiza dizeli kwa sababu nilikuwa natuma barua yangu. Nikatia alizeti tangini. Nilimwona anachoka kuzungusha na nikanyamaza. Sista alipouliza nikasema ni maji. Hayakuwa maji. Mimi ndiye niliyemvunja mkono."

Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, na wale wanawake watatu nao hawakutikisika. Kisha akanishika kichwa kwa mkono wake mkavu, na nikaona machozi yanamtoka, ambayo hayakumtoka kaburini.

"Umechelewa, mwanangu," alisema.

Nilikuwa nimechelewa.